Makumbusho ya Oxford: Mpango wa Vitu na Majina Yake

Neno "makumbusho", ambalo Waswahili hulitumia kuwa jina la nyumba ziwekwamo vitu vya kale na vya ajabu ili watu wavitazame, lina dai ndani yake ambalo jina la Kizungu halina. Jina la Kizungu latokana na Kiyunani, na maana yake ya asili ni makao ya miungu wa kike walioaminiwa kuwa walinzi wa sanaa na elimu. Jina hilo lataja mahali tu. "Makumbusho" ni neno lililozaliwa na kitenzi: shina lake ni "kumbuka", likatiwa katika kauli ya kufanyiza, k ya mwisho ikageuka sh, likawa "kumbusha". Kitenzi hiki hakitimii bila ya jambo la kukumbukwa na mtu wa kukumbushwa. Basi kila nyumba ya namna hii huulizwa na sarufi yenyewe maswali mawili: yakumbusha nini, na yamkumbusha nani?

Maswali haya yafaa kuulizwa hasa katika makumbusho yaliyo mali ya vyuo vikuu, kwa kuwa chuo kikuu hudai kwamba kila kionyeshwacho humo kimepimwa kwa mizani ya elimu. Mfano ulio mashuhuri ni Oxford, katika Uingereza, ambako majumba mawili ya makumbusho yameungana kwa mlango mmoja. Jumba la kwanza ni la viumbe na madini, nalo lilifunguliwa mwaka 1860. Jumba la pili huitwa Pitt Rivers, liliasisiwa mwaka 1884, nalo limejaa kazi za mikono ya binadamu kutoka pande zote za dunia. Kuingia ni bure kwa wote. Majumba haya mawili aghalabu husifiwa kila moja peke yake. Lakini mhakiki hana budi kuyasoma pamoja kama kurasa mbili za kitabu kimoja, maana ndivyo mzuru anavyoyapitia kwa miguu yake.

Jumba la kwanza ni hoja iliyojengwa kwa mawe. Dari yake ni ya vioo, imebebwa na nguzo za chuma, na nuru ya mchana huwaangukia mifupa ya wanyama wakubwa waliosimamishwa uani. Kandokando ya ua huo zimepangwa nguzo za mawe, na kila nguzo ni ya jiwe la namna yake, likiwa limeandikwa jina lake. Vichwa vya nguzo vimechongwa majani na maua na mafundi wa Ireland, ndugu wawili wa jamaa ya O'Shea pamoja na mpwa wao, ambao waliletewa mimea mibichi kutoka bustani ya chuo wapate kuiiga ilivyo. Fedha zilipungua kabla ya kazi kwisha, na sehemu ya uchongaji ikangoja mpaka karne ya 20. Hata hivyo, nia ya wajenzi yaonekana wazi: jengo la elimu ya viumbe sharti liwe lenyewe somo la elimu hiyo, wala pasiwe na nguzo iliyosimama pale isiyosema ni jiwe gani.

Humo ndimo, tarehe 30 Juni 1860, Thomas Huxley na Askofu Samuel Wilberforce waliposhindana kwa maneno juu ya kitabu cha Charles Darwin kilichotoka miezi saba kabla yake. Mjadala huo umesimuliwa mara nyingi sana, lakini maneno hasa yaliyosemwa siku ile hayakuandikwa yote papo hapo. Mengi ya yale yanayokaririwa yalitiwa katika maandishi miaka mingi baadaye. Yafaa kulishika jambo hili akilini. Hata nyumba iliyojengwa kwa ajili ya ushahidi yaweza kuwa na hadithi ipendwayo kuliko ushahidi wake.

Katika vitu vyote vya jumba la kwanza, kimoja chastahili kutazamwa kwa muda mrefu kuliko vingine, nacho ni kichwa cha ndege aitwaye dodo pamoja na mabaki ya mguu wake. Mswahili asikiapo neno hilo hukumbuka embe, lakini huyu alikuwa ndege mkubwa asiyeruka, wa ukoo wa njiwa, aliyeishi katika kisiwa cha Mauritius na kwisha kabisa katika karne ya 17 baada ya mabaharia wa Ulaya kufika huko pamoja na wanyama wao. Mabaki yaliyo Oxford yana ngozi, na hakuna mahali pengine duniani palipobaki ngozi ya dodo. Sifa yake ilizidi kwa ajili ya hadithi ya Lewis Carroll, aliyekuwa mwalimu katika chuo hicho hicho. Wasomaji wa Kiswahili waliipata hadithi hiyo mwaka 1940 kwa jina la "Elisi katika Nchi ya Ajabu".

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba ndege huyu wa Oxford aliletwa London akiwa hai, akaonyeshwa watu kwa malipo, akafa kifo chake, na mwili wake ukaingia katika mkusanyo wa jamaa ya Tradescant, ambao baadaye ulifika chuoni. Mwaka 2018 wataalamu walikitazama kichwa kile kwa mashine ya miali ipenyayo mifupa, wakaona vipande vidogo vya risasi vimekwama nyuma ya kichwa na shingoni. Ndege yule alikuwa amepigwa bunduki. Habari iliyosimuliwa kwa vizazi vingi ikatikiswa mara moja, na maswali mapya yakazaliwa: nani alimpiga, wapi, na mwili wake ulisafirije usioze? Chuo hakikuona haya kuuliza. Kilitangaza jambo hilo kwa fahari, kwa sababu katika elimu ya viumbe swali la namna mnyama alivyokufa, na namna mwili wake ulivyopatikana, ni sehemu ya maana ya kumjua mnyama mwenyewe.

Nyuma ya ua huu ndipo ulipo mlango wa kuingilia jumba la pili. Ili kuzifikia ngoma, vinyago, mashua na kufuli za watu, mzuru hupita kwanza katikati ya mifupa na wadudu. Haisemwi kwamba mpango huu ulitokana na dharau. Jumba la pili liliongezwa nyuma ya la kwanza katika miaka ya 1885 na 1886 kwa kuwa mkusanyo mpya ulihitaji mahali. Lakini msomaji hasomi nia ya mwandishi, husoma maandishi; na maandishi ya majengo haya yasema kwamba kazi za mikono ya watu ni sura inayofuata sura ya wanyama. Kiswahili nacho huwatia wanyama na watu katika upatanisho mmoja: mtu amekuja, tembo amekuja. Ngoma haiji kwa miguu yake. Ngoma huletwa, na kila kilicholetwa kina mletaji.

Aliyetoa mkusanyo wa kwanza, Augustus Pitt Rivers, alikuwa mwanajeshi. Kazi yake ya ujana ilikuwa kuchunguza bunduki, naye aliona kwamba bunduki mpya haizuki ghafula bali hutokana na ile iliyotangulia kwa mabadiliko madogo madogo. Kutoka hapo akafikiri kwamba vitu vyote vilivyofanywa na binadamu hufuata njia hiyo hiyo, mfano wa viumbe katika nadharia ya Darwin. Kwa hiyo hakupanga vitu vyake kwa nchi wala kwa makabila, bali kwa jinsi: mikuki pamoja na mikuki, ngao pamoja na ngao, kutoka kile alichokiona sahili hadi kile alichokiona kigumu. Alipovitoa kwa chuo vilikuwa zaidi ya elfu ishirini, na sharti moja la kipawa chake lilikuwa kwamba chuo kiweke mwalimu wa kufundisha somo hilo. Mwalimu huyo alikuwa Edward Tylor, nao ukawa mwanzo wa elimu ya binadamu kufundishwa katika vyuo vikuu vya Uingereza.

Nadharia ile haikusimama. Kosa lake la kwanza ni kudhani kwamba kitu sahili ni kitu cha kale, na kwamba mtu akitumiaye leo amebaki nyuma katika safari ambayo wote waifuata. Wanaisimu walikutana na kosa hili katika uwanja wao wenyewe, zilipokuwa lugha zikipangwa kwa ngazi kutoka zile zilizoitwa duni hadi zile zilizoitwa kamilifu. Wakaligundua kuwa kosa pale walipozichunguza lugha hizo na kukuta kwamba hakuna lugha isiyo na sarufi kamili. Kosa la pili ni kudhani kwamba umbo la kitu latosha kukieleza. Mitungi miwili yaweza kufanana kwa umbo, mmoja ukawa wa maji ya kunywa na wa pili ukawa haunywewi abadani ila siku ya tambiko. Aipangaye mitungi hiyo katika mstari mmoja kwa kufuata shingo zake amepanga sauti bila ya maana.

Walakini haki yataka isemwe kwamba mpango huu, ulio mbovu kwa nadharia iliyouzaa, umekuwa na faida ambayo mwanzilishi wake hakuikusudia. Katika makumbusho mengi ya Ulaya vitu vya Wazungu vimewekwa katika nyumba ya sanaa na ya historia, na vitu vya Waafrika katika nyumba nyingine. Katika Pitt Rivers kufuli ya mwanakijiji wa Kiingereza yakaa katika kabati moja na kufuli za Afrika na Asia, na hirizi za wakulima wa Uingereza zakaa karibu na hirizi za mataifa mengine. Mzuru Mwingereza aliyekuja kutazama mambo ya wenzake hukuta ya bibi yake yamo humo humo. Wale washaurio kwamba mpango wa zamani uvunjwe wote, na vitu vigawanywe kwa nchi, hawana budi kulipima jambo hili kabla ya kuvunja. Aghalabu mpango wa kwa nchi ndio unaowatenga watu, kila taifa likafungiwa katika chumba chake kana kwamba halikupata kuazima wala kuazimwa.

Ubaya mkubwa zaidi wa jumba hili haumo katika mpango wa kabati. Umo katika maneno. Vitu vimejazana kwa wingi, nuru ni hafifu, na vingi vyao vimefungiwa vijikaratasi vilivyoandikwa kwa mkono, kwa herufi ndogo ajabu. Wengi huvisifu vijikaratasi hivi kwa uzuri wake wa kizamani. Mwanaisimu avisomaye huona jambo jingine. Mara nyingi husema kitu ni nini, kimetoka wapi, nani alikitoa kwa jumba na mwaka gani. Mtoaji hutajwa kwa jina na kwa cheo. Aliyekifanya kitu hicho hatajwi ila kwa jina la kabila lake. Kitenzi cha kupatikana kwake, endapo kimo, kimo katika kauli ya kufanywa na kimekatwa mtendaji: kilikusanywa, kilipatikana. Kiswahili nacho chaijua njia hii ya kuficha. Asemaye "sahani imevunjwa" amesema kweli, na amemhifadhi mvunjaji. Sarufi haikatazi sentensi ya namna hii, lakini elimu hairuhusu ikae miaka mia bila ya mtu kuuliza: kilikusanywa na nani, kwa nani, na mwenyewe aliridhika?

Hapo ndipo ndege wa Mauritius na vitu vya jumba la pili wanapokutana. Ndege aliulizwa jinsi alivyokufa. Bangili haikuulizwa jinsi ilivyotoka mkononi.

Ilipoulizwa, walioiuliza hawakuwa watumishi wa jumba. Mwaka 2017 kiongozi mmoja wa Kimaasai kutoka Tanzania aliyezuru jumba hilo alitazama vitu vya watu wake, akaona kuwa maelezo yake yana makosa, na kwamba vingine havikupasa kuwapo pale kabisa. Mwaka 2018 na tena mwaka 2020 ujumbe wa Wamaasai wa Kenya na Tanzania ulikwenda Oxford kufanya kazi pamoja na wenyeji wa jumba. Vitu vitano vilitengwa kuwa ndivyo vizito kuliko vingine. Kimoja ni bangili iitwayo orkataar, ambayo katika mila zao hurithiwa na mwana baada ya kufa baba. Kitu cha namna hii, walisema, hakiuzwi wala hakitolewi zawadi kwa mgeni. Basi kuwapo kwake ng'ambo ni dalili kwamba palitendeka jambo baya. Katika safari ya 2020 oloiboni alitumia enkidong, chombo chake cha kuagulia, ili kutafuta habari za namna vitu hivyo vilivyoondoka kwa wenyewe.

Si lazima chuo kikuu kiseme kwamba enkidong na mashine ya miali ni ushahidi wa namna moja. Kila kimoja kina watu wake na kanuni zake. Lililo muhimu ni kwamba vyote viwili vilijibu swali ambalo kijikaratasi hakikuliuliza. Jumba lastahili sifa kwa kuwakaribisha wageni wale na kuwasikiliza. Lastahili pia kulaumiwa kwa kuwa swali lilingoja mpaka mwenye kuumia asafiri maelfu ya maili kuja kuliuliza mwenyewe, hali ya kuwa katika nyumba ya jirani elimu hiyo hiyo humuulizia ndege asiye na jamaa aliyebaki duniani.

Jambo la majina lataka maneno zaidi, kwa kuwa lawahusu wachunguzi wa lugha moja kwa moja. Orkataar ikiitwa kwa neno la Kiingereza lenye maana ya bangili, umbo limetajwa na urithi umefichika. Na hasara ni hiyo hiyo ikiitwa "bangili" kwa Kiswahili. Waswahili wasijidanganye kwamba kubadili vibandiko vya Kiingereza viwe vya Kiswahili kwatosha kuponya ugonjwa. Neno "bangili" kwa Mmaasai ni neno la wageni kama la Kiingereza lilivyo. Katika mji huo huo wa Oxford, mwaka 1905, kilipigwa chapa kitabu cha A. C. Hollis juu ya lugha na masimulizi ya Wamaasai. Basi chuo kilikuwa na maneno ya Kimaasai katika maktaba, na vitu vya Wamaasai katika kabati. Lugha ikawekwa upande mmoja na vitu upande wa pili, na mwanafunzi akapokea kila nusu kana kwamba ni nzima.

Tangu hapo yamefanyika mabadiliko. Jumba lilipofunguliwa tena Septemba 2020, baada ya kufungwa kwa ajili ya maradhi ya korona, viungo vya miili ya watu 120 vilikuwa vimeondolewa katika kabati, navyo ni pamoja na vichwa vilivyokaushwa vya Washuar na Waachuar wa Amerika ya Kusini, vilivyokuwa vikivuta wazuru wengi kuliko kitu kingine chochote. Wako waliolalamika kwamba wamenyimwa walichokizoea. Lakini uchunguzi wa jumba lenyewe kwa wazuru ulionyesha kwamba vichwa vile havikuwafundisha watu mila za Washuar. Viliwathibitishia tu dhana walizokuja nazo, kwamba watu wale ni washenzi. Makumbusho yanayomrudisha mzuru nyumbani na dhana ile ile aliyokuja nayo hayakumkumbusha kitu. Uamuzi ule ulikuwa wa haki. Kazi ya kuchunguza lugha ya vibandiko nayo ilianzishwa, ili maneno ya dharau na ya kuficha yapate kujulikana na kurekebishwa.

Hapa patahadhariwe na jambo moja. Vijikaratasi vya zamani visitupwe. Krapf aliitunga kamusi yake ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1882, na ndani yake mna makosa, tena mna hukumu juu ya watu ambazo hakuna mwanazuoni wa leo awezaye kuziridhia. Lakini hakuna aliyeichoma kamusi ile. Waliofuata waliisahihisha, nayo yenyewe ikabaki kuwa shahidi wa maneno ya wakati wake na wa akili ya mtungaji wake. Kijikaratasi kilichoandikwa na mtunzaji wa zamani ni ushahidi wa namna hiyo. Kikiondolewa na kuwekwa kipya kisemacho maneno ya upole, mzuru wa kesho atadhani kwamba jumba lilikuwa na upole tangu mwanzo, na huko kutakuwa ni kuficha mara ya pili. Yafaa la zamani likae kando ya jipya, kila moja na tarehe yake, mfano wa kamusi nzuri ionyeshavyo maana iliyopita na maana iliyopo.

Somo la Oxford lina uzito wake katika Afrika ya Mashariki pia. Jumba la makumbusho la Dar es Salaam lilifunguliwa mwaka 1940 kwa jina la Mfalme George V. Kwa hiyo mwanzoni lilimkumbusha mwananchi mfalme wa ng'ambo kabla ya kumkumbusha babu yake. Kijiji cha Makumbusho, kilichoanzishwa mwaka 1966, kilichukua njia nyingine: kilisimamisha nyumba za makabila kama wenyewe wazijengavyo, na mtu aweza kuinama na kuingia ndani. Njia hiyo ni njema, lakini kabati na nyumba vyote huulizwa swali moja: jina la kila kitu liko wapi, katika lugha ya aliyekifanya, pamoja na vitenzi vyake? Orkataar haijulikani kwa kutajwa tu. Yajulikana pia kwa maneno ya kuivaa na ya kuirithi, na ya kuagizia nani aivae. Maneno hayo wanayo wazee, wala hayangoji.

Kazi hii si ya watunzaji wa vitu peke yao. Mtunzaji ajua kukinga mbao na mchwa na ngozi na unyevu, wala hakufundishwa kuandika toni ya neno la Kimaasai wala kupambanua vitenzi viwili vinavyokaribiana kwa maana. Aliyefundishwa hayo ni mwanaisimu, naye mara nyingi hukusanya maneno bila ya kuviona vitu, kama watunzaji walivyokusanya vitu bila ya kuyasikia maneno. Kitu kilichopotewa na jina lake chaweza kukaa katika kabati miaka mia kikiwa kizima, na kisimkumbushe mtu yeyote jambo lolote. Neno lililopotewa na kitu chake hukaa katika kamusi vivyo hivyo. Vyuo vya Afrika ya Mashariki vina wazee wa kuulizwa karibu kuliko Oxford, tena vina wachunguzi waliozaliwa katika lugha hizo. Basi vikiandika vibandiko visivyo na jina la mwenyewe wala mtendaji wa kitenzi, havitapata wa kumsingizia.